Moteri Isiyosukuma Boti

Lorient, 14 Machi 2024

Shangazi Generose mpendwa,

Ninakuamkia kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na majirani wote wa Mulongwe. Mimi niko mzima. Mafua ya Noeli yameisha. Dada Mapendo aliniambia kwamba simu yako ilianguka majini na kwamba hutaki nyingine, eti simu inasema haraka mno na nyumba nzima inasikia. Basi nitaandika. Barua zitafika kwenye sanduku la posta la Bujumbura, Mapendo atakuletea akivuka mpaka. Mpe hongera kwa mtoto. Nimeona picha: macho ni yako kabisa.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana ulipowaambia wamama wa kwaya kwamba ninafunga umeme ndani ya boti, waliuliza kama boti za Ulaya zina televisheni. Hazina. Ni boti za mashindano ya bahari kuu, nyepesi, tupu ndani kama ngoma. Zinakwenda kwa matanga tu. Lakini kila moja ina moteri ndogo ya mazutu, yaani dizeli, na hapo ndipo utacheka: kabla ya mashindano anakuja mtu wa kamati, anafunga mhimili wa propela kwa waya na lakiri, ili moteri isiweze kusukuma boti hata kidogo. Inabaki na kazi moja, kuzungusha alternata, kile kifaa kinachozalisha umeme, na kulisha batri. Inanguruma, inatoa moshi, na haiendi popote.

Umeme huo unaliwa na vitu vingi: redio, kompyuta, mashine inayotoa chumvi kwenye maji ya bahari yawe ya kunywa. Mlaji mkubwa ni usukani unaojiendesha, ule unaoshika njia watu wanapolala. Mazutu hubebwa kidogo, kwa sababu uzito unachelewesha. Kwa hiyo tunaongeza sola, na nyuma tunatundika kijipropela kinachozungushwa na maji ya bahari yenyewe. Kazi yangu ni kupanga vyote hivi vielewane. Nahodha wa boti ninayoishughulikia anaitwa Anne, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, anayeongea na kamba kama watu.

Ninapokaa mbele ya batri zile nyeupe ninakukumbuka na chumba chako cha kulishia batri za taa, wavuvi wakisubiri mlangoni, na wewe ukiwaambia kwamba batri haipendi kulazwa njaa.

Mtoto wako,
Noella


Uvira, Mulongwe, 28 Aprili 2024

Mwanangu Noella,

Yesu Kristo asifiwe. Barua yako imefika, Mapendo aliileta pamoja na sabuni na kilo ya sukari. Minye niko muzima, goti tu ndilo linanisumbua wakati wa mvua, na mvua mwaka huu haitaki kwenda kwao. Clovis, yule muuza samaki wa ndagala wa jirani, ameoa tena. Tulikula vizuri. Padri amebadilishwa, huyu mupya ni kijana na anahubiri kifupi, tunamupenda.

Hiyo moteri yako ya kufungwa nimewasimulia wavuvi. Hawakuamini. Mmoja akasema, "Mama Generose, muntu ananunua moteri halafu anaikataza kutembea?" Tulicheka mpaka machozi. Lakini minye nimeielewa. Hata humu mwangu iko hivyo: moteri ya jenereta haiendi popote, lakini jioni boti zote zinatoka na moto wake.

Ningependa ungeona taa za wavuvi sasa. Zamani zilikuwa karabai, zinavuma na kunuka petroli. Siku hizi ni taa nyeupe za batri, kimya kabisa. Jua likizama zinatoka moja moja, zinajipanga pale mbali, mpaka huwezi kujua mahali ziwa linaishia na mahali nyota zinaanzia. Ninakaa mlangoni ninaziangalia na kusema: ile niliilisha minye, na ile, na ile.

Ziwa linapanda. Limeingia barabara ya chini. Usijali, nyumba yangu iko juu kidogo.

Sasa neno langu. Weye unabaki nchi kavu, siyo? Unafunga nyaya, unawapa boti yao, wanaenda, weye unabaki. Niandikie kama ni hivyo. Michée alikuwa kaka yangu kabla hajakuwa baba yako. Ziwa lilimuchukua pamoja na moteri aliyokuwa anaiendesha, na hatukupata hata kofia. Nilikulea mbali na maji, na unajua. Sitaandika zaidi.

Shangazi yako,
Generose


Lorient, 2 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Ninafurahi kwa Clovis, na ninaliombea goti lako. Hapa ni majira ya joto, jua linachelewa kuzama kama mgeni asiyejua kuaga.

Ndiyo, kazi yangu iko karakana. Wakati mwingine tunatoka kidogo kujaribu vyombo, lakini nchi kavu tunaiona. Mwenzi wa Anne wa mashindano amevunjika mkono, kwa hiyo kuna mambo mengi ya kupanga upya na nitachelewa kuandika.

Nilisoma kwenye intaneti kwamba ziwa limefurika vibaya sana. Hukuniambia mengi. Maji yamefika wapi?

Na jambo moja, kama hutakasirika. Ninakumbuka mikono ya Baba, ilinuka mazutu, na hakuna zaidi. Alikuwa mtu wa namna gani akiwa juu ya maji?

Noella


Uvira, 9 Julai 2024

Mwanangu Noella,

Nakusalimia kwa amani ya Bwana. Barua yako ilikaa sana Bujumbura, Mapendo alikuwa na mtoto mugonjwa. Sasa amepona, anakula uji.

Huku tuko salama. Maharagwe yametoka vizuri mwaka huu, tunayala mabichi na ndizi. Asubuhi ninaamka na majogoo, ninajifunika tena blanketi la pili, ninangojea ukungu uondoke, maana sola haiwezi kitu ukungu ukiwa umelala juu yake. Kufikia saa nne anga inafunguka, hapo watu wananiletea simu zao nizilishe. Kazi si nyingi lakini ni kazi. Mchana ninatembea kidogo kwenye njia za mashamba, goti linapata nguvu. Watu wa hapa wanasalimia muntu kwa kusimama kabisa, wanauliza habari ya kila kitu, hata ya kuku.

Maji yalipanda na yameanza kushuka. Ndiyo habari ya maji.

Usiku ninaota ndoto moja, kwamba niko nimekaa mlangoni na taa za wavuvi zinakuja kwangu zenyewe, bila boti, bila watu, zinaingia ndani ya nyumba na kujipanga ukutani. Haiogopeshi. Ninaamka nikiwa na furaha, halafu ninakumbuka.

Uvae nguo za joto. Usisahau kusali.

Generose


31 Julai 2024

Shangazi wangu,

Natumaini hujambo, na mtoto wa Mapendo anaendelea na uji wake. Ninaandika kwa haraka, kwenye meza ya mkahawa mmoja. Usishangae mwandiko, mikono imechoka, nimebeba vitu vizito. Huku maua ya bluu yameota kando ya barabara zote, makubwa kama kichwa cha mtoto. Ungeyapenda.

Shangazi, Uvira tangu lini kuna ukungu? Nimezaliwa Mulongwe. Julai pale ni vumbi na joto, na shuka moja mtu anaitupa chini. Mashamba ya maharagwe unatembea wapi? Na kwa nini wavuvi hawaleti batri, ila watu wanaleta simu?

Ninakuomba uniambie nyumba iko wapi.

Hutanipata mpaka mwisho wa Agosti. Nitakuwa na kazi.

Noella


Lemera, 10 Septemba 2024

Noella,

Leo nimeandika jina la kweli la mahali niliko. Weye barua yako haina jina la mahali, lakini bahasha inalo. Timbre, ile stempu, ina picha ya ndege na neno Portugal. Mapendo alisoma ule muhuri wa posta, akatafuta kwenye simu yake, akanionyesha. Kisiwa. Bluu pande zote, na katikati kitu kidogo kama punje ya mtama. Nikamuuliza, "Muntu anafikaje pale?" Akazima simu. Basi nikajua umepanda boti.

Sikuandika siku zile kwa sababu nilikuwa na hasira. Halafu nikawaza: na weye umenikamata kwa ukungu. Tuko sawa.

Basi sikiliza. Mwezi wa tano muto Mulongwe ulijaa ukashuka na ziwa likapanda, vikakutana chumbani mwangu. Vilikutana taratibu, mchana, watu wakiangalia. Tulitoa batri za wavuvi tukizibeba kichwani, hakuna hata moja iliyopotea, sola moja tuliiokoa, jenereta ilibaki. Ukuta wa upande wa ziwa ulilala chini pole pole kama ng'ombe anayepumzika. Kesho yake samaki wadogo walikuwa wanapita mahali kitanda changu kilikuwa. Nilisimama pale maji yakiwa kwa magoti, nikaona ni kuzuri, na hiyo ndiyo ilinitisha. Nikaondoka.

Binamu yangu Capitoline alinipokea huku Lemera. Ananitunza vizuri. Lakini hapa jioni ikifika giza linakuwa giza tu. Kuna kilima kimoja, hewa ikiwa safi asubuhi unaona ziwa kule chini, kamba nyembamba inayong'aa. Ninapanda pale. Capitoline anafikiri ninaenda kusali.

Sikukuambia kwa sababu ungetaka kurudi. Weye hukuniambia kwa sababu ningekuita urudi. Sasa uko wapi? Uko muzima? Niandikie yote, hata ya kuogopesha. Usinipunguzie kitu.

Shangazi yako,
Generose


Lorient, 6 Oktoba 2024

Shangazi wangu mpendwa,

Niko mzima, niko nchi kavu, nimelia sana kwa ajili ya nyumba. Msalimie Mama Capitoline, umwambie Mungu ambariki.

Haya yote. Mwenzi wa Anne alipovunjika mkono, mashindano ya kwenda visiwa vya Azori na kurudi yalikuwa yamekaribia. Yanaendeshwa na watu wawili kila boti. Anne akaniambia, "Nani mwingine anaijua boti hii tumboni?" Nilikwenda, na ile barua isiyo na jina la mahali niliiandika huko. Kwenda kulikuwa kwepesi kama ndoto. Ni kurudi ndiko nataka kukusimulia.

Siku za kwanza tulikuwa na upepo wa ubavuni, boti imelala upande, maji yanapita chini ya kitanda yakiongea maneno ambayo karibu niyaelewe. Kisha gogo lililokuwa linaelea likavunja kile kijipropela cha nyuma. Tukabaki na sola na moteri. Ukungu ukashuka, ukungu kama wako, na sola ikawa kipande cha kioo tu. Nikawasha moteri ili kulisha batri. Lakini boti ilikuwa imeinama mno, tundu ambalo moteri inanywea maji ya kujipoza lilikuwa limetoka nje ya maji. Joto likapanda. Nikazima.

Nikamwambia Anne, "Tupunguze matanga, boti isimame wima, moteri inywe maji, tulishe batri."

"Tukisimama, wa nyuma wanatupita."

"Tusiposimama, usukani utazimika."

"Lini?"

"Hautatuaga, Anne."

Alitazama mbele, mahali pasipoonekana kitu. "Tuvumilie mpaka jioni," akasema.

Jioni haikufika. Usukani uliachia njia ghafla, kama mtu anayefungua kiganja. Boti ikageuka, ikaanguka ubavu, tanga likalala majini. Anne alirushwa akagonga mbavu. Nilitambaa mpaka kwenye mti wa usukani nikaukumbatia. Polepole boti ikainuka. Anne alikuwa ameketi chini, uso mweupe, mkono ubavuni. "Fanya unavyojua," akaniambia.

Tuliteremsha tanga kubwa, yeye akivuta kwa mkono mmoja. Nilizima kila kitu, kompyuta, redio, mashine ya maji, hata kitaa cha ramani. Kikaja kimya, Shangazi. Sijui kukiandika. Dunia yote ilikuwa nyeupe na laini, tuko ndani kama kifaranga ndani ya yai, upepo unanigusa shavu la kushoto, na kwa shavu hilo nilijua njia. Sikuogopa. Hapo ndipo ninaona haya kukuambia: nilikuwa na furaha. Nilihisi kuna mtu ameketi karibu yangu upande ule mwingine, hasemi, anaangalia tu kama ninashika vizuri.

Batri ya kuwashia moteri nilikuwa nimeitenga tangu mwanzo, ina nguvu zake. Moteri ikawaka. Tundu lilikuwa ndani ya maji, ikanywa. Umeme ukaanza kuingia, kidogo kidogo.

Hapo tukasikia honi. Meli, kubwa, karibu, na haikujulikana ni upande gani. Anne akapiga kelele, "Washa usukani ujiendeshe, twende mbele kuangalia!" Nilikuwa na umeme wa kitu kimoja tu. Nikachagua kile chombo kidogo kinachoziambia meli nyingine kwamba tupo. Usukani nikabaki nao mikononi. "Kaa chini, jishike," nikamwambia. Honi ikalia tena. Halafu nikasikia sauti ya maji ikibadilika, na ukuta mweusi ukatokea ndani ya weupe, mrefu, hauishi, ukageuka pole pole na kutupita. Nilisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Mtu alikuwa anapika mle, hajui kitu.

Hatukushinda. Boti nyingi zilitupita tulipokuwa tumesimama. Anne hakulalamika. Tulipofika alinishika kichwa kwa mikono yake ile, akasema Januari anavuka bahari nzima, mpaka visiwa vya Amerika, na hataki mwingine ila mimi.

Sijamjibu. Ukisema hapana nitabaki karakana, na sitakuwa na kinyongo. Sitaki tena ujue safari zangu kwa bahasha.

Na ninakuuliza tena kuhusu Baba.

Noella


Uvira, Kimanga, 1 Desemba 2024

Mwanangu,

Yesu Kristo asifiwe, na asifiwe kwa ile meli iliyogeuka. Barua yako nilisomewa na Mapendo, halafu nikaisoma minye mwenyewe, halafu nikampa Capitoline, akakaa nayo mpaka maharagwe yakaungua.

Kama unavyoona, nimeshuka. Nimepata chumba Kimanga, mbali kidogo na maji, na mlango unaangalia ziwa kati ya nyumba mbili. Wavuvi walileta batri hata kabla mlango haujafungwa bawaba. Clovis na mke wake mupya walinipigia chokaa. Jioni ya kwanza nilikaa kwa ngazi nikaangalia. Kutoka hapa ninaona sehemu tu ya taa, zinapita kwenye ule upenyo, moja, halafu nyingine. Inatosha.

Sasa Michée. Miaka yote nilikunyima, na sababu niliyokuwa ninajiambia ni kwamba habari zake zitakuumiza. Nitakuambia siku moja tu.

Tulikuwa tunaenda muji wa Baraka, kwa ndoa. Boti imejaa, magunia, mbuzi, wamama na masufuria. Michée alikuwa ndiye muntu wa moteri. Tulipofika mahali ambapo milima ya pande zote mbili inakuwa ya bluu, alizima moteri. Makusudi. Watu wakaanza kupiga kelele, "We Michée, imekufa? Tumekufa?" Akainua kidole. Akasema, "Sikilizeni kidogo." Ni hivyo tu. Na watu wakanyamaza, hata mbuzi. Noella, ziwa lilikuwa linapumua. Hakukuwa na upepo. Boti ilikuwa inazunguka yenyewe taratibu, milima inatupita mbele, Burundi, halafu Kongo, halafu Burundi. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto akaanza kulia bila sababu, si kwa huzuni.

Nikamuangalia kaka yangu. Uso wake ulikuwa uso wa muntu aliyefika kwao. Minye nilikuwa dada yake, tulizaliwa kitanda kimoja, na sikuwahi kuuona uso ule nyumbani hata mara moja. Halafu akavuta kamba, moteri ikawaka, makelele yakarudi, tukaenda ndoani.

Ziwa lilipomuchukua, watu walisema ni dhoruba, wengine walisema ni moteri. Sijui. Hakuna anayejua. Lakini weye ulikuwa mtoto, na siku moja nilikukuta umesimama kwa ukingo, maji kwa vifundo vya miguu, unaangalia mbali, na uso ulikuwa ule ule. Nikakubeba nikakupiga. Kutoka siku hiyo sikukuruhusu tena kukaribia maji. Ziwa sikuliogopa sana. Niliogopa ule uso.

Sasa unaniandikia kwamba ulikuwa na furaha mle ndani ya weupe, na muntu ameketi karibu yako. Nitakukataza namna gani? Hata ukibaki karakana, utakuwa umeenda.

Nenda na huyo Anne. Mwambie akusikilize mapema, asingoje mpaka jioni. Usile umeme wote kwa sababu jua liko. Jua linaweza kubadilisha mawazo. Na kwa heshima ya mbavu za watu, mfungie huyo mama kamba.

Kila mwaka wakati huu ninamuandikisha Michée misa ya marehemu. Jumamosi nilienda kwa padri yule kijana, nikamwambia safari hii ni majina mawili, ayaombee pamoja. Akayaandika, Michée, Noella, akainua kichwa kwa huruma, akaniuliza, "Na huyu wa pili, Mama, alifariki lini?"

Nikamujibu, "Huyu hajafa, Padri. Huyu anaondoka mwezi wa kwanza."

Generose